Kwelea Ana Ndugu

Ukishuka Igawa mwezi wa tano, basi likishaondoka na vumbi likitulia, utasikia watoto wanapiga kelele mashambani. Hawachezi. Wako juu ya madungu, kila mmoja na kombeo lake na debe bovu la kugonga, na kazi yao tangu alfajiri hadi jua linazama ni moja: kuwinga ndege. Vitabu vya shule vinasema kuamia. Sisi huku Mbarali tunasema kuwinga. Mpunga ukifika kwenye maziwa, yaani ukibonyeza punje inatoa ute mweupe, shule inakonda. Mwalimu anaita mahudhurio huku anajua kabisa kwamba nusu ya majina yako kwenye majaruba. Mimi nilikuwa kati ya majina hayo kwa misimu sita, na mpaka leo nikisikia debe likigongwa popote, hata kwenye harusi, mkono wangu wa kulia unatafuta kombeo.

Ninayeandika haya ninasoma shahada ya uzamili, na ninachosoma ni uainishaji wa ndege. Ndiyo, watu wanalipwa kidogo sana kwa kazi hiyo, na ndiyo, nimeshaulizwa na kila ndugu niliye naye kama kuna ajira. Naandika kwa sababu nimechoka na neno moja. Neno hilo ni kwelea.

Halikutoka Usangu, wala halikutoka pwani. Ni Kilatini cha kitabuni. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, yule Msweden aliyejipa kazi ya kuvipa viumbe vyote majina mawili mawili, alimwandika ndege huyu kwa jina Emberiza quelea, akasema anatoka India. Ndege huyu ni wa Afrika na hana kwao kwingine. Inadhaniwa kwamba meli zilizokuwa zikirudi Sweden kutoka Mashariki ziligusa pwani za Afrika, zikabeba ndege wa kuuza, na zilipofika bandarini kila kilichokuwemo kikahesabiwa kuwa cha India. Emberiza nayo ni jenasi ya ndege wengine kabisa. Ilibidi ifike 1850 ndipo Mjerumani Ludwig Reichenbach alipomtoa humo, akamweka kwa ndege wafumaji na kumpa jenasi yake mwenyewe, Quelea. Ndiyo maana jina lake kamili linajirudia: Quelea quelea. Maafisa kilimo wakalitamka hivyo, redio nayo ikafuata, na mkulima akalipokea kama lilivyo: kwelea kwelea.

Kwa hiyo shangazi yangu, aliyeishia darasa la saba, anatamka jina la kisayansi lenye jenasi na spishi bila kukosea herufi. Ningejivunia jambo hilo kama tungekuwa tumelipokea na maana yake. Kilatini kile kilikuwa kinamtaja ndege mmoja. Kwetu kimekuwa jina la kila kitu kidogo chenye mbawa kinachotua kwenye suke.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipolijua hilo, ingawa sikujua kwamba nimelijua. Mwaka huo ilikuja ndege kuua ndege. Kiswahili kimetufanyia utani hapo, lakini ndivyo ilivyokuwa: eropleni ndogo ilipita jioni, ikirudi na kurudi juu ya matete ambako makundi yalikuwa yanalala, ikiacha nyuma ukungu mwembamba. Sisi watoto tulishangilia. Asubuhi tukaenda kuangalia. Tulikatazwa kuokota, tukaokota; tulikatazwa kula, na sitasema nyumba zipi zilikula. Nilijaza debe zima. Nikakaa kwenye tuta la mfereji nikaanza kuwapanga, kwa sababu tu siku hiyo hapakuwa na kitu cha kuwinga.

Wengi walikuwa wa mdomo mwekundu, rangi ya pilipili iliyoiva. Lakini walikuwepo wa rangi ileile ya kahawia, wenye michirizi ileile mgongoni, ila mdomo si mwekundu. Walikuwepo wa njano wenye uso mweusi. Alikuwepo mmoja mdogo kama kidole gumba. Na pembeni ya matete, mbali kidogo na wengine, alikuwepo bundi, mzima mzima, amelala kifudifudi, mdomoni bado ana unyoya wa aliyemla. Nikambeba yule wa njano hadi kwa mjomba nikamwuliza: huyu naye ni kwelea? Mjomba hakunyanyua hata macho. Akasema, "Akifia shambani ni kwelea."

Nimesoma miaka mingi tangu siku hiyo na nimekutana na sentensi hiyo kila mahali, ikiwa imevaa suti.

Ngoja niseme wazi upande wangu uko wapi, maana kuna wasomaji wa mjini watakaodhani nataka kuwatetea kwelea. Sitaki. Kwelea mmoja ana uzito wa gramu ishirini hivi, na anakula mbegu za kiasi cha gramu kumi kwa siku. Ni kidogo mno, mpaka uzidishe. Kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea si kundi kubwa, linakula tani 10 kwa siku. Inakadiriwa kwamba baada ya msimu wa kuzaliana Afrika inakuwa na kwelea wakubwa wapatao bilioni moja na nusu; hakuna ndege wa porini duniani anayemfikia kwa wingi. Mwaka ambao mama aliugua na hatukuwa na mtu wa kukaa kwenye dungu, shamba tulilotegemea litoe magunia ishirini lilitoa sita. Ada yangu ya kidato cha tatu ilikuwa ndani ya yale kumi na manne. Kwa hiyo anayekuja kuniimbia uzuri wa kundi linavyogeuka angani kama moshi wakati wa magharibi, aje kwanza akae juu ya dungu wiki mbili. Ni kweli, wanapendeza, tena sana. Lakini sikuwa na nafasi ya kusema hivyo nikiwa na kombeo mkononi.

Ninachogombana nacho ni kitu kingine: kuhukumu bila kujua jina la mshtakiwa.

Hebu twende taratibu. Zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani zimo kwenye oda moja, Passeriformes, ndege wa jamii ya shomoro: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, mguu unaoweza kushika tawi hata mwenyewe akiwa usingizini. Ndani ya oda hiyo kuna familia ya Ploceidae, wafumaji, yenye spishi zaidi ya 110, nyingi zikiwa za Afrika. Mnana yumo. Kweche yumo. Kwelea yumo, na si mmoja: wako watatu katika jenasi yao, wa mdomo mwekundu, wa kichwa chekundu, na yule mdogo mwenye wekundu unaoshuka hadi kifuani. Wote watatu wanapatikana Tanzania. Anayetumaliza kwa mabilioni ni wa kwanza tu. Nje ya familia hii, lakini jirani kabisa kwenye mti wa ukoo, wako ndege wadogo wa familia ya Estrildidae wanaokula mbegu za majani, na fumbwe, yule mwenye mkia mrefu anayetaga kwenye viota vya hao hao Estrildidae na kuwaachia malezi. Chiriku naye yupo mashambani, wa familia nyingine kabisa.

Sasa weka wote hawa kwenye jaruba moja mwezi wa tano, jua la saa kumi na mbili jioni likiwa machoni mwako. Dume la kweche wakati wa kuzaliana ni jekundu na jeusi, huwezi kulikosea hata kwa jicho moja. Msimu ukiisha anavua nguo hizo na kubaki kahawia yenye michirizi, sawa na jike lake, na sawasawa kabisa na kwelea ukimwona kwa mbali. Kinachowatofautisha ni mdomo. Na hata mdomo una hila yake: wa jike la kwelea ni mwekundu mwaka mzima isipokuwa akiwa anazaa, ndipo unageuka njano. Madume ya kwelea nayo hayafanani. Mengi yana kinyago cheusi, mengine kinyago cheupe, utosi wa waridi au wa rangi ya majani makavu, hata ndani ya kundi moja. Wataalamu wa karne ya 19 waliyaona yale ya uso mweupe wakayapa jina la spishi yake, russi. Ilikuwa makosa. Mtafiti James Dale, miaka ya karibu na 2000, alitafuta kama rangi hizo zinaonyesha ubora wa dume akakuta hazionyeshi. Maelezo yake ni kwamba zinasaidia majirani kutambuana, kama sisi tunavyotambuana kwa sura.

Wanasayansi wenye darubini na makabati ya ngozi za ndege walidanganyika na uso wa kwelea. Halafu tunadhani rubani anayepita kwa kasi jioni hawezi kudanganyika.

Kuna mtu aliwahi kuniambia, kwenye semina moja ya mambo ya maendeleo ya kilimo, tena kwa upole, kwamba kazi yangu ni nzuri lakini ni anasa. "Mkulima hahitaji Kilatini," akasema, "anahitaji mavuno." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa na la kujibu lakini nilikuwa mdogo kuliko wote chumbani, nikanyamaza na kula sambusa. Sasa najibu. Kwanza, mkulima tayari anatumia Kilatini. Mlimpa nyie wenyewe, nusu nusu. Pili, suala la nani ndugu ya nani, ambalo mnaliita anasa, ndilo linaloamua kama dawa yenu itafanya kazi.

Chukua mfano mmoja. Kwelea wa mdomo mwekundu wamegawanywa katika nususpishi tatu: ya magharibi, ya mashariki na kaskazini-mashariki, na ya kusini. Swali la vitendo ni kama ndani ya maeneo hayo kuna koo ndogo zilizojitenga, kila moja na njia yake ya kuhama. Kama zipo, unaweza kuvamia ukoo mmoja ukaupunguza. Mwaka 2003 Martin Dallimer na wenzake walichapisha matokeo ya vinasaba vya kwelea wa kusini mwa Afrika, kutoka pande mbili za mpaka ambapo makundi yalidhaniwa yanaelekea njia tofauti. Hawakukuta tofauti, si kwenye vinasaba wala kwenye manyoya. Wanachanganyika. Yaani hakuna kwelea wa kijiji fulani. Ukiua milioni leo kwenye matete yako, unaokoa mpunga wa mwezi huu, na hilo silidharau, lakini hujapunguza ukoo wowote. Mwakani watakuja wengine kutoka kusikojulikana, kwa kufuata mvua. Mwingereza Peter Ward alieleza zamani jinsi wanavyohama: mvua za kwanza zikinyesha, mbegu za nyasi zilizolala ardhini zinaota zote kwa mpigo, chakula kinatoweka, na makundi yanaruka juu ya ukanda wa mvua hadi mahali ilikonyesha wiki kadhaa kabla na ambako nyasi zimeshazaa. Mpunga wetu wanaukuta njiani. Chakula chao cha kawaida ni nyasi za porini.

Kweche na mnana hawako hivyo. Mnana anafuma kwenye mti uleule wa uani mwaka baada ya mwaka. Bibi yangu alikuwa na mti wa mnana ulioningojea kila likizo. Ukimuua mnana wa Igawa, ni wa Igawa aliyekufa. Sasa niambieni, dawa moja kwa ndege wa aina mbili hizo ni akili gani? Inamwacha anayekuja kwa mabilioni na kumwondoa jirani.

Na dawa yenyewe ni fenthioni. Inashambulia mishipa ya fahamu, na haisomi mdomo ni wa rangi gani. Uchunguzi uliofanywa na Robert Cheke na wenzake kwenye maeneo yaliyopulizwa umeonyesha athari zake kwenye damu ya ndege wasiolengwa. Bundi wangu wa kwenye matete hakupulizwa yeye, alikula waliopulizwa. Nchi ya Chad, inayojua kwelea kuliko sisi, ndiyo iliyopeleka hoja ya dawa hii kwenye Mkataba wa Rotterdam, na ikajadiliwa huko miaka na miaka.

Kama unadhani naongea habari za ndege wa kawaida ambao hata wakifa wapo wengine, vuka milima uende Kilombero. Pale kwenye uwanda wa mafuriko, karibu na Ifakara, kuna mnana ambaye sayansi haikumjua mpaka 1990, Neil na Elizabeth Baker walipomwandika kwa jina Ploceus burnieri. Hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye matete ya bonde lile. Fikiria: Tanzania imeshapata uhuru, imeshapigana vita na Amin, imeshaingia mfumo wa soko, na mnana mzima wa rangi ya njano yuko kandokando ya kivuko hana jina. Bonde lile nalo ni la mpunga. Kama mwaka 1985 ndege ingepita jioni juu ya matete yake, tungesema tumeua kwelea, na hesabu ingefungwa. Mjomba angekuwa sahihi.

Ndiyo maana siwezi kucheka watu wakisema uainishaji umekamilika, kwamba kazi iliyobaki ni kubandika majina. Hata jenasi ya mnana wa uani kwa bibi inatikisika. Mwaka 2017 Thilina De Silva na wenzake walitoa mti wa ukoo wa wafumaji uliojengwa kwa vinasaba, na ukaonyesha kwamba Ploceus, jenasi kubwa kuliko zote katika familia, ilikuwa gunia tu. Wa Asia wako tawi lao, wa Madagascar tawi lao, wa Afrika tawi lao. Sasa kwa kanuni za majina, jina linabaki na ndege wa mfano, na wa mfano wa Ploceus ni wa Asia. Wakapendekeza wetu wahamie Malimbus, jina la mwaka 1805 ambalo limetangulia. Pendekezo hilo linabishaniwa bado. Mimi binafsi nalipenda kwa sababu moja isiyo ya kisayansi: kwamba minana yote ya Afrika, tuliyoizoea tangu utotoni, imekuwa ikitembea na jina la watu wengine.

Lakini tawi lililonikosesha usingizi ni la kwelea mwenyewe. Ndugu wa karibu kuliko wote wa jenasi yake hawapo bara. Ni fodi, ndege wadogo wa jenasi Foudia, wa Madagascar na visiwa vya Bahari ya Hindi: Komoro, Shelisheli, Aldabra, Mauritius, Rodrigues. Babu mmoja, watoto wawili; mmoja akabaki kwenye nyasi za bara, mwingine akavuka maji. Fodi wa Mauritius yuko kwenye orodha ya kimataifa ya walio hatarini kutoweka. Panya walikuwa wanamlia mayai na makinda. Watu wakampeleka kwenye kisiwa kidogo cha Ile aux Aigrettes ambako panya wameondolewa, wakamwekea chakula cha nyongeza, wakamvisha pete mguuni, kila mmoja anajulikana kwa rangi za pete zake. Huku bara nduguye anahesabiwa kwa hekta.

Nilimsimulia shangazi habari hiyo jioni moja tukiwa tunachambua mboga. Nilidhani itamgusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na huyo wa kwenye kisiwa, anakula mpunga wa nani?"

Nikasema hali mpunga wa mtu.

"Basi mwanangu, udugu wao hauniingii gharama. Huyu wangu ndiyo ananiingia."

Hoja ya shangazi ni nzuri kuliko ile ya semina, na imenilazimisha kusahihisha fikra zangu. Nilikuwa nimeanza kuutumia mti wa ukoo kama hati ya kuachiwa huru: huyu si kwelea, kwa hiyo hana kosa. Upuuzi. Mnana anakula mpunga, nimemwona, na kweche pia. Udugu hauonyeshi nani kala. Unachofanya uainishaji ni kukuwezesha kumwita kila mmoja kwa jina na kuuliza kuhusu yeye: anakula kiasi gani, anakuja lini, analala wapi, anatoka wapi, akifa anarudi au harudi. Shangazi mwenyewe, nilipombana, alikiri kwamba mnana wawili watatu wa kwenye mti wa mlangoni hajawahi kuwahesabu kuwa hasara. Anawajua. Ni wale ambao hawajui ndio anaowaita kwelea.

Hapo sasa ninageukia kwetu, sisi tuliopelekwa shule. Kila nilichoeleza hapa juu nimekisoma kwa Kiingereza. Hakuna ukurasa hata mmoja niliopewa darasani kwa lugha ambayo shangazi angeweza kuusoma, na Kiswahili kina mnana, kweche, chozi, kuzi, fumbwe, chiriku, shomoro, majina yaliyokuwepo kabla Linnaeus hajazaliwa. Tunaandika tasnifu kuhusu mashamba ya watu, tunaiweka maktaba yenye mlango wa kadi, tunaita hiyo mchango. Halafu tunalalamika mkulima hajui kutofautisha. Ameelezwa na nani? Mabango niliyoyaona huko nyumbani yanamwonyesha kwelea dume, kinyago cheusi, mdomo mwekundu, picha nzuri kabisa ya ndege ambaye nje ya msimu hafanani na picha hiyo. Hakuna picha ya kweche aliyevua nguo. Na bwana shamba, ambaye ana vijiji vinne na pikipiki moja isiyo na mafuta, tunamtaka atambue kwa macho kitu ambacho hata kozi yake haikumfundisha.

Ninachodai si kikubwa. Kabla ya kupuliza matete au migunga yoyote, mtu aende usiku na taa na wavu, ashike ndege mia, aangalie midomo. Mia tu. Baada ya kupuliza, mtu aende asubuhi, ahesabu waliokufa kwa spishi, na hesabu hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, pamoja na bundi. Taarifa inayosema tu kwamba kwelea mamilioni kadhaa wameangamizwa ni taarifa ya mjomba wangu. Na pale panapowezekana, watu wategewe nafasi ya kuwakamata badala ya kuwapuliza. Kondoa wanafanya hivyo siku nyingi, kwa mitego ya kusuka na nyavu, na kwelea anaishia sokoni kama kitoweo. Mtego una faida ambayo sumu haina: unaweza kuingiza mkono ukamtoa asiyehusika.

Nitaambiwa kwamba hilo linachelewesha, na mpunga hausubiri. Najua hausubiri, niliwahi kuwa yule mtoto wa kwenye dungu. Usiku mmoja wa kushika ndege mia hauzidi siku ambazo tumewahi kusubiri ndege yenyewe ije.

Mwaka jana mwezi wa tano nilikuwa nyumbani. Binti wa dada yangu, yuko darasa la tano, ndiye aliyekuwa kwenye dungu la shangazi, na mimi nilikwenda kumpokea mchana ili akale. Shangazi alikuwa amefunga mikanda ya kaseti za zamani juu ya jaruba, ile inayovuma upepo ukipita. Kwaya za zamani zinafanya kazi ya kutisha ndege. Yule binti alikuwa amemwangusha mmoja kwa kombeo. Nilikuwa nimemfundisha habari ya midomo wiki ile, akawa ameshika kama mchezo. Akanionyesha, akasema, "Mjomba, huyu nimekosea. Mdomo wa njano. Si kwelea."

Nikamchukua mkononi, bado wa moto. Mgongo kahawia, michirizi, nyusi hafifu. Mdomo njano kama nta. Kwa muda nilitamani kumwambia ndiyo, umekosea, ni mwingine.

Alikuwa ni kwelea jike, na mdomo ule maana yake ni moja: anazaa, sasa hivi, na kiota chake hakiko mbali. Palipo na kiota kimoja cha kwelea pana maelfu kwa maelfu, kwenye migunga fulani, upande wa kuelekea Ihefu pengine. Mayai yanakaa siku kumi hivi kuanguliwa, makinda wiki mbili hivi kuruka. Wakiruka kabla mpunga haujavunwa, Igawa nzima italia. Nilikuwa mtu pekee pale jarubani aliyejua hilo, na nililijua kwa sababu ya ile anasa. Nikimwambia bwana shamba, atapiga simu, na kitakachokuja nakijua. Nisipomwambia, nitamwangalia shangazi vipi mwezi wa saba?

Yule binti akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia ashuke akale.

Jioni nilimpigia bwana shamba. Nikamweleza mdomo, siku, upande nilioudhani. Akasema asante sana, kesho anatoa taarifa wilayani. Nikamwomba kabla ya hapo twende wote, usiku, na taa na wavu, tukaangalie waliomo kwenye ile migunga.

"Si umesema ni kwelea?" akauliza.

"Ndiyo."

Akakaa kimya kidogo. Nyuma yake nilisikia lori linabadilisha gia kwenye kilima cha darajani.

"Wote?"

Nikamwambia sijui. Tukakubaliana saa mbili usiku, na mafuta ya pikipiki yawe yangu.